Shemasi Aliyekimbia na Mawazo Yake Manane

Katika miaka ya mwanzo ya 380 alikuwapo mjini Konstantinopoli shemasi mmoja ambaye watu walipenda kumsikiliza. Jina lake Evagrius, mzaliwa wa Ibora katika nchi ya Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Baba yake alikuwa askofu wa vijijini. Basili Mkuu alimpa daraja la usomaji, na Basili alipofariki mwaka 379 kijana akajiunga na Gregori wa Nazianzo, aliyempa ushemasi. Mwaka 381 maaskofu walikutana mjini humo kwa mtaguso mkubwa. Gregori alichoshwa na fitina, akauacha uaskofu na kurudi kwao. Evagrius akabaki na mrithi wa Gregori, akawa bingwa wa kubishana na wazushi. Alikuwa na akili kali, ulimi mwepesi, na umri wa miaka thelathini na kitu.

Kisha akampenda mke wa mtu. Tena si mtu wa hivi hivi, mumewe alikuwa mkubwa serikalini. Habari hii tunaipata kwa Palladius, mwanafunzi wake, aliyeiandika yapata miaka ishirini baada ya mwalimu kufariki. Anasema mwanamke naye alikuwa amekolea, na kwamba Evagrius aliogopa mno aibu, hasa kicheko cha wale wazushi aliokuwa akiwanyamazisha hadharani. Alisali aokolewe, ila mjini hakuondoka.

Usiku mmoja akaota amekamatwa. Askari wamemtia minyororo, yumo kwenye msururu wa washtakiwa, na hakuna anayemwambia kosa lake. Hakuhitaji kuambiwa. Humo ndotoni akatokea rafiki, akamtaka aape kwa Injili kwamba atauhama mji, naye angemtoa. Akaapa. Alipozinduka alijiambia kuwa kiapo ni kiapo hata kikiapwa usingizini, akapakia nguo zake melini, akaelekea Yerusalemu.

Huyu ndiye mtu aliyekuja kuwafundisha Wakristo namna kishawishi kinavyofanya kazi. Orodha ya vilema vikuu saba ambayo watoto wa katekisimu huikariri mpaka leo, huku kwetu wakianza na majivuno na kumalizia na uvivu, chimbuko lake ni kichwani mwake. Kabla yake yalikuwapo mafundisho mengi juu ya shetani. Yeye alileta jambo jingine, yaani mazoea ya kukaa chini na kuchunguza wazo linaingilia wapi, saa ngapi, na linafuatana na nani.

Yerusalemu mambo hayakunyooka. Alipokewa kwenye Mlima wa Mizeituni na Melania, mjane tajiri wa ukoo mkubwa wa Roma aliyejenga monasteri pale, akisaidiwa na Rufinus, mtafsiri wa vitabu. Muda si mrefu shemasi akaanza tena kubadilisha mavazi na kutafuta sifa. Halafu homa ikamlaza. Miezi sita waganga walihangaika bila kupata dawa. Melania ndiye aliyemkabili, akamwambia waziwazi kwamba ugonjwa ule haukuwa wa kawaida na kwamba alikuwa akificha kitu. Evagrius akamsimulia yote. Mama yule akamtaka aahidi kuushika umonaki, ndipo amwombee. Aliahidi, na baada ya siku chache akasimama. Mwaka 383 hivi akashika njia ya Misri.

Tusimame hapo kidogo, tuone alikuta nini huko.

Kanisa la karne ya nne lilikuwa na mambo mawili makubwa ya kusema juu ya uovu wa kiroho. La kwanza lilitoka kwa Origene wa Aleksandria, mwalimu aliyefariki karibu mwaka 253. Origene alishikilia kwamba Mungu hakuumba kitu kibaya, hata shetani. Pepo wachafu walikuwa roho njema zenye hiari, wakageuka kwa kutaka kwao. Uovu basi hauna asili yake wenyewe, haukuwapo tangu mwanzo kama mpinzani wa Mungu mwenye nguvu sawa naye. Akaongeza neno ambalo wahubiri wengi hawalipendi mpaka leo, kwamba hata kama shetani asingekuwapo, bado binadamu angeona njaa na tamaa ya mwili, na bado angeweza kuzidisha. Origene hakukubali kumtwisha Ibilisi kila kosa.

La pili lilitoka jangwani. Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, aliishi kwanza katika kaburi tupu, kisha miaka ishirini ndani ya ngome iliyoachwa, na wageni waliosimama nje walisikia kelele za ugomvi humo ndani. Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliandika maisha yake, na kitabu kikaenea haraka mpaka Ulaya. Wengi hukumbuka vioja vyake tu: simba, nyoka, mapigo, fedha iliyotupwa njiani. Mimi napenda zaidi hotuba ndefu ambayo Antoni anawapa wamonaki wenzake, maana humo anawavua pepo ule utisho wao. Watu wa Misri walidhani pepo wanajua yajayo kwa kuwa waliweza kutabiri mto Nili utafurika lini. Antoni anaeleza kwamba hapo hakuna unabii wowote. Pepo wana miili myepesi, wanaona mvua kubwa imenyesha Ethiopia, wanakimbia mbele ya maji na kuja kutangaza. Mtu mwenye farasi hodari angeweza kuleta habari ileile. Pepo ni wambeya wenye mbio, na tangu msalaba hawana nguvu ila ile wanayopewa na hofu yetu.

Evagrius alirithi yote mawili. Alikaa miaka miwili Nitria, kusini-mashariki ya Aleksandria, mahali ambapo Palladius alikuta wamonaki wapatao 5,000, tanuri saba za mikate, na kanisa lenye mitende mitatu uani, kila mmoja umetundikwa mjeledi: mmoja wa wamonaki waliokosa, mwingine wa wezi, wa tatu wa wapita njia. Baadaye akasogea jangwani zaidi, Kellia, akakaa miaka kumi na minne hadi kufa kwake. Kellia makao yaliachana kiasi kwamba hakuna aliyemwona wala kumsikia jirani yake. Walikutana Jumamosi na Jumapili kanisani, kisha kila mtu akarudi kwenye upweke wake. Mtaalamu Mfaransa Antoine Guillaumont alipatambua mahali hapo mwaka 1964, na wachimbaji waliofuata walihesabu mabaki ya makao yapata 1,500: kuta za udongo, kisima, ua, na chumba cha sala chenye kishubaka upande wa mashariki. Mengi ni ya karne zilizofuata, ila mpango wa maisha ulikuwa uleule.

Alijipatia riziki kwa kunakili vitabu, kwani mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alikula mkate wa kupimwa na mafuta kidogo sana. Mboga za majani, matunda na nyama hakugusa, wala hakuoga. Walimu wake walikuwa Makari wa Misri na Makari wa Aleksandria, wazee wenyeji wa jangwa, watu wa maneno machache. Msomi wa mji mkuu alilazimika kujifunza kunyamaza. Kuna siku alisema neno mkutanoni, padri akamkata papo hapo: kwenu pengine ungekwisha kuwa askofu, hapa wewe ni mgeni. Evagrius akatikisa kichwa, akajibu kwa maneno ya Ayubu kwamba amekwisha kunena, hataongeza tena.

Ile tamaa iliyomtoa Konstantinopoli ilimfuata. Palladius anasimulia kwamba usiku mmoja wa baridi ilimsumbua mpaka akashuka uchi kisimani, akasimama humo hadi asubuhi, mwili ukaganda. Karibu na kufa kwake alikiri kuwa ulikuwa mwaka wa tatu tu tangu tamaa ya mwili iache kumsumbua. Ukipiga hesabu, mapambano hayo yalichukua zaidi ya miaka kumi ya jangwa. Anayesoma vitabu vyake bila kulijua hili anaweza kudhani mwandishi ni mtu baridi wa vitabu.

Na vitabu vyenyewe vina utulivu wa ajabu. Kile cha matendo ya mmonaki kina sura 100 fupifupi, nyingine mistari miwili mitatu. Humo anasema mawazo ya msingi yanayomshambulia mtu ni manane: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa moyo, majisifu na kiburi. Baada ya kuyataja tu anatoa kauli ambayo ndiyo nguzo ya mafundisho yake yote. Kwamba mawazo haya yaje au yasije, si juu yetu. Yakae au yasikae, yaamshe tamaa au yasiamshe, hilo ni juu yetu.

Maana ya kauli hiyo ni kubwa. Mtu aliyeingiwa na wazo la zinaa au la kisasi bado hajatenda dhambi, na wala hajapagawa. Ametembelewa. Evagrius huita wageni hao pepo, na wakati mwingine hutumia maneno mawili hayo, wazo na pepo, kana kwamba ni kitu kimoja. Hakuwa na shaka kuwa pepo wapo. Ila alishikilia kwamba pepo hawezi kusoma moyo. Mungu pekee ndiye ajuaye moyo. Pepo hukaa pembeni akitazama sura, maneno na miondoko ya mwili, akikisia kilichomo.

Mbinu yake ni ya mchunguzi. Anayetaka kuwajua pepo, anafundisha, na ayaangalie mawazo yake: yanapanda lini, yanashuka lini, lipi hutangulia, lipi hufuata, yapi hayaendi pamoja. Pepo wa majisifu na pepo wa uzinzi, kwa mfano, hawapatani, mmoja akija mwingine huondoka, kwa kuwa mmoja huahidi heshima na mwingine huleta fedheha. Pia kila pepo ana hoja zake. Pepo wa ulafi haji na picha ya karamu, kama ungedhani. Anakuja na wasiwasi wa afya: tumbo litaharibika, ini, bandama, maradhi ya muda mrefu, na hapa jangwani mganga atatoka wapi? Pepo wa fedha anazungumzia uzee: mikono itakapokosa nguvu, njaa itakapoingia, utaona aibu kuomba kwa watu. Hizi zote ni hoja za busara, na ndiyo sababu zinanasa.

Mahali alipofika mbali kuliko wote ni katika wazo la sita, huo uchovu wa moyo ambao wengine hutafsiri kuwa uvivu. Evagrius anamwita pepo wa adhuhuri, kwa kufuata Zaburi ya 91 kama ilivyosomwa kwa Kigiriki, na anasema ni mzito kuliko wote. Hushambulia kuanzia saa nne hadi saa nane. Watu wa zamani hizo walihesabu saa toka macheo kama tunavyohesabu sisi, hivyo msomaji wa Kiswahili anaiona siku ile jinsi ilivyokuwa, bila kugeuza chochote. Chakula kilikuwa saa tisa. Kwanza jua linaonekana limegoma, mchana una urefu wa saa hamsini. Mmonaki anachungulia dirishani. Anatoka nje kutazama jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa. Anaangaza huku na huku, labda kuna ndugu anakuja kumtembelea. Kisha anaanza kupachukia mahali, kuchukia kazi ya mikono, kuchukia maisha yenyewe. Anakumbuka kwamba upendo umekwisha miongoni mwa ndugu, hakuna wa kumfariji, na kama kuna aliyemuudhi siku zile, pepo anachochea hapo hapo. Mbona kuna sehemu nyingine ambako kazi ni nyepesi na mtu hufanikiwa? Na kumpendeza Mungu si lazima kuwe mahali fulani, Mungu huabudiwa popote. Halafu wanamjia jamaa zake, maisha ya zamani, na picha ya miaka mingi ya taabu iliyo mbele. Lengo ni moja tu: aache chumba, aondoke.

Katika ukurasa ule hamna pembe, mkia wala moshi. Kuna mtu, dirisha, na jua. Sijui maelezo mengine ya Kikristo juu ya kishawishi yaliyo sahihi namna hii, na naona ajabu kwamba yaliandikwa na mtu aliyewahi kushindwa kukaa katika miji miwili.

Dawa yake si ya kishujaa. Usitoke chumbani. Pangia kila kazi kipimo, usiiache kabla ya kuimaliza. Machozi yakija, igawe nafsi yako pande mbili, upande mmoja umfariji mwingine kwa maneno ya zaburi. Pepo huyu akishindwa, hafuatwi mara moja na mwingine, bali na amani.

Kuhusu majisifu alikuwa mkali zaidi, na mcheshi pia. Mmonaki yuko peke yake chumbani, lakini katika mawazo yake pepo wanapiga kelele wakimtoka mtu, wanawake wanapona, umati unagombania kugusa vazi lake. Anajiona akipewa upadri, watu wamejaa mlangoni, na asipokubali watamchukua akiwa amefungwa kamba. Baada ya kumpandisha juu kwa matumaini hayo matupu, pepo wa majisifu anamkabidhi kwa pepo wa kiburi au wa huzuni, au hata wa uzinzi. Aliyekuwa kasisi mtakatifu dakika chache zilizopita sasa ni mateka. Evagrius alikuwa akijua anachosema, kwani Teofilo, askofu mkuu wa Aleksandria, alitaka kumfanya askofu wa Thmuis, naye akakimbia. Ila zingatia anachokichagua kama mfano wa kwanza wa majisifu: ndoto ya kutoa pepo mbele ya umati. Nikiona mabango ya mikutano ya maombezi katika miji yetu, na orodha za roho ya uzinzi, roho ya ulevi, roho ya kukataliwa, ukurasa huo hunijia. Majina hayo ya pepo asingeyakataa, yeye mwenyewe aliwaita hivyohivyo. Angemtilia shaka aliyeshika kipaza sauti.

Alitunga pia kitabu cha kujibu. Msingi wake ni Yesu jangwani, ambaye kila shetani alipotoa neno alimjibu kwa Maandiko, tena yote matatu kutoka Kumbukumbu la Torati. Evagrius akakusanya karibu vifungu 500 vya Biblia, akavigawa katika vitabu vinane kufuata mawazo manane, kila kifungu kikiwa na hali yake: wazo likija na neno hili, lijibu kwa andiko hili. Kwa hiyo mtu habishani na wazo kwa muda mrefu. Evagrius, bingwa wa mabishano wa zamani, alikuwa amejifunza kwamba ukikaa kuhojiana na kishawishi, umekwisha kukipa kiti.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka 399, sikukuu ya Epifania, akiwa na miaka 54. Alipokea Ekaristi kanisani, kisha akaaga.

Kufa wakati ule kulikuwa bahati. Mwaka huohuo Teofilo alituma barua yake ya kila mwaka ya kutangaza Pasaka, akafundisha kwamba Mungu hana mwili. Wamonaki wengi wa kawaida, waliozoea kusali wakimwona Mungu mwenye uso na mikono, waliwaka. Yohane Kasiano, mmonaki aliyeishi huko wakati ule, anasimulia juu ya mzee mmoja, Serapioni, aliyekubali fundisho jipya kisha akashindwa kusali, akaanguka chini akilia kwamba wamemwondolea Mungu wake. Wengine waliingia Aleksandria na kumtishia askofu. Teofilo akapiga hesabu ya kisiasa, akageukia upande wao. Mwaka 400 aliwashambulia wasomaji wa Origene, yaani kundi lilelile la marafiki wa Evagrius, akiwa na askari. Vyumba vilichomwa, vitabu vilichomwa. Wamonaki kama 300 wakatimuliwa wakiongozwa na ndugu wanne waliojulikana kwa urefu wao. Wengine walifika hadi Konstantinopoli kwa Yohane Krisostomo, askofu wa mji huo, na kuwapokea kulimponza.

Kasiano alikuwa mmojawapo wa waliotoka Misri siku zile. Krisostomo alimpa ushemasi. Krisostomo alipofukuzwa mwaka 404, Kasiano akaenda Roma kumtetea, na karibu mwaka 415 akatua Marseille, kusini mwa Ufaransa, akaanzisha monasteri mbili, ya wanaume na ya wanawake. Huko Magharibi palikuwa na hamu ya umonaki lakini hapakuwa na utaratibu. Askofu Kastori wa Apt akamwomba aandike. Yapata mwaka 420 Kasiano akatoa kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni vilema vinane, kimoja baada ya kingine, na majina mengine akayaacha katika Kigiriki. Akaandika pia mazungumzo 24 na wazee wa jangwani, na katika mojawapo pepo wanaojaribu kukisia moyo wa mtu wanafananishwa na wezi wanaoingia nyumba yenye giza, wakarusha mchanga na kusikiliza mlio ili wajue kilipo chombo cha thamani.

Hayo yote ni mafundisho ya Evagrius. Jina lake Kasiano hakulitaja hata mara moja. Mwoga? Nadhani alikuwa na akili tu. Siku zilezile Yeronimo, msomi wa Biblia aliyekuwa na kalamu ya sumu, alikuwa akimshambulia Evagrius kutoka Bethlehemu, akisema kwamba mtu anayefundisha utulivu usiotikiswa na tamaa anafundisha kuwa jiwe au kuwa Mungu. Kasiano akayaokoa mafundisho kwa kumficha mwalimu.

Miaka 150 na ushei baadaye orodha ikafika mikononi mwa Gregori Mkuu, si yule wa Nazianzo, mtu aliyewahi kuwa liwali wa mji wa Roma, kisha mmonaki, kisha balozi wa papa Konstantinopoli, na tangu mwaka 590 papa. Katika maelezo yake marefu ya kitabu cha Ayubu aliipanga upya. Kiburi akakitoa kwenye safu na kukifanya malkia na mzizi wa vyote. Uchovu wa moyo ukamezwa na huzuni. Wivu, ambao Evagrius hakuuweka, ukaingia. Vikabaki saba, naye akavichora kama makamanda wa jeshi, kila mmoja na kikosi chake. Karne za baadaye ule uchovu ulirudi, huzuni ikatoka, na uchovu wenyewe ukashuka cheo ukawa uvivu wa kawaida, kana kwamba tatizo la mmonaki wa saa sita mchana lilikuwa kupenda kulala.

Gregori alikuwa mchungaji wa watu walioona vita, njaa na tauni, na alihitaji kitu kinachoshikika. Hata hivyo orodha ilibadilika kazi. Kwa Evagrius ilikuwa ya mawazo, mambo yanayokuja mlangoni na yanayoweza kukataliwa. Kwa waliofuata ikawa orodha ya vilema na dhambi, mambo ambayo mtu anayo tayari. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulitamka mambo mawili yanayogusa habari hii. Tamko la kwanza kabisa lilifundisha kwamba shetani na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, wakawa wabaya kwa kutaka kwao wenyewe. Tamko jingine liliamuru kila Mkristo aungame walau mara moja kwa mwaka. Amri hiyo ilifanya mapadri kote Ulaya watafute vitabu vya kuwasaidia kuuliza maswali kitubioni, na vile vilema saba vilikuwa tayari. Orodha ya namna hiyo humwonyesha mtu alichofanya. Ya jangwani ilimwonyesha kinachomjia, na saa kinapokuja. Naona kilichopotea hapo ni kikubwa kuliko kilichopatikana.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa magumu zaidi. Dhana za Evagrius kuhusu roho kuwapo kabla ya miili, na kuhusu siku ambayo uovu utakuwa haupo tena hata kidogo, zilimtia hatarini baada ya kufa. Katika vurugu za mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553, enzi za Kaisari Justiniani, jina lake lililaaniwa pamoja na la Origene. Katika Kigiriki maandiko yake mengi yakapotea. Mengine yalipona kwa kuvaa jina la mtu mwingine: kitabu chake cha sala, chenye sura 153, kilisomwa karne nyingi kama kazi ya Nilo wa Ankira, na wamonaki waliomlaani Evagrius wakaendelea kukitumia kusali. Ilikuwa mwaka 1934 ndipo Mjesuiti Irénée Hausherr alipoonyesha mwenye kitabu ni nani. Lakini Wasiria na Waarmenia hawakujali laana ya Konstantinopoli. Walimtafsiri na kumtunza, na kile kitabu cha majibu ya Maandiko kimesalia kwa sababu yao. Wilhelm Frankenberg alichapisha nakala ya Kisiria mwaka 1912, na mwaka 1958 Guillaumont, yule wa Kellia, akatoa tafsiri ya Kisiria isiyoondolewa zile dhana za hatari ya kitabu chake kigumu kuliko vyote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inavitaja vilema vikuu katika namba 1866: kiburi, uchoyo, wivu, hasira, uzinzi, ulafi na uvivu. Inasema vimebainishwa na mang'amuzi ya Wakristo kwa kuwafuata Mtakatifu Yohane Kasiano na Mtakatifu Gregori Mkuu. Shemasi wa Ponto hakutajwa hapo. Waarmenia wao wanamhesabu mtakatifu.